Kuku Aliyeonekana: Suala la Maadili katika Kutazama Filamu Kongwe za Uingereza

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja: je, ni halali kimaadili kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki kuzifurahia filamu kongwe za Uingereza ambazo, kwa maudhui yake, zinamdunisha? Na akiisha kuzitazama, ana wajibu gani anapotoa maoni yake mbele ya wenziwe? Tutalijadili suala hili kwa kuirejelea hasa pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Diani na Msambweni hadi Vanga. Huko suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa bahari, majahazi na ndovu waliopamba filamu hizo ni sehemu ya maisha ya wenyeji hata leo.

Misimamo mitatu

Wahakiki wanaolijadili suala hili huelekea kugawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza linadai kwamba sanaa ihukumiwe kwa fani yake tu: kama picha ni nzuri na uigizaji ni hodari, mengine ni siasa. Kundi la pili linashikilia kwamba lila na fila havitangamani. Chinua Achebe, katika mhadhara wake wa mwaka 1975 kuhusu riwaya ya Joseph Conrad, Heart of Darkness, aliuliza iwapo kazi inayomvua mtu ubinadamu wake yaweza kuitwa sanaa kuu, naye akajibu kwamba haiwezi. Kundi la tatu linatafuta suluhu kwa kusema kwamba hizo zilikuwa zama zao, na wafu wasihukumiwe kwa mizani ya walio hai.

Tuanze na msimamo huu wa tatu, maana ndio unaosikika zaidi na ndio dhaifu kuliko yote. Mwaka 1935 ilitolewa filamu ya Sanders of the River, iliyoongozwa na Zoltan Korda, ambayo inamsifu mtawala wa Kiingereza nchini Nigeria. Mwigizaji Paul Robeson, Mmarekani mweusi, aliigiza humo kama chifu Bosambo, na miongoni mwa waigizaji wasiotajwa majina alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi Uingereza wakati huo. Robeson alipoiona filamu ilivyokamilika, hakuridhika nayo, na baadaye akaikana hadharani. Basi haiwezi kusemwa kwamba katika zama zile hapakuwa na macho ya kuona kasoro. Macho yalikuwapo, lililokosekana ni mamlaka ya kuamua nini kibaki katika filamu na nini kitolewe.

Msimamo wa kwanza nao hauna nguvu, kwa kuwa fani na maudhui havitengani hata moja likafurahiwa bila ya jingine. Kinachotutaabisha ni msimamo wa pili, wa Achebe. Huu una hoja nzito, na hapana budi ujibiwe kwa uangalifu.

Kisa cha kuku

Serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu za makoloni mwaka 1939. William Sellers, aliyekiongoza, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida, hivyo atengenezewe filamu za mwendo wa polepole zisizo na mbinu za kamera. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1935 na 1937, jaribio jingine lilifanywa huko Vugiri katika milima ya Usambara, kusini mwa mpaka wetu wa Vanga. Filamu za mafunzo zilitengenezwa huko na kuzungushwa kwa lori katika nchi kadhaa za eneo hili. Katika mipango yote miwili mtazamaji alichukuliwa kuwa mwanafunzi, na maoni yake yakawa kipimo cha jinsi alivyolielewa somo.

Kuhusu filamu za namna hii kuna kisa kilichosimuliwa na John Wilson na kuenezwa na Marshall McLuhan katika kitabu chake cha mwaka 1962, The Gutenberg Galaxy. Wanakijiji Waafrika walionyeshwa filamu ya kufundisha namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Watengenezaji walishangaa, kwa kuwa hawakujua kama kuna kuku katika filamu yao. Walipoikagua picha baada ya picha, walimkuta kweli, akipita pembeni kwa muda mfupi sana.

Kisa hiki kimezoewa kusimuliwa kama ushahidi kwamba mtazamaji huyo hakujua kutazama. Sisi tunakisoma kwa namna nyingine. Katika mkasa ule, ni nani aliyeona kilichomo na ni nani ambaye hakukiona? Kuku alikuwapo. Aliyeiongoza filamu hakumwona, na wanakijiji walimwona.

Hapa ndipo tunapopata jibu kwa Achebe. Riwaya haina kuku wa namna hiyo. Yote yaliyomo katika riwaya yameingizwa na mwandishi kwa maneno yake, na asichokiandika hakimo. Kamera haina uwezo huo wa kuchagua. Ikielekezwa bandarini, inapokea kila kilichosimama mbele yake, pamoja na yale ambayo mwongozaji hakuyajua wala kuyathamini. Kwa hiyo katika filamu zilizopigwa mahali penyewe mna mambo mawili: dai la filamu na ushuhuda wa kamera. Dai laweza kuwa la uongo ilhali ushuhuda ni wa kweli.

Pwani inayotazamwa na wenyewe

Tuchukue mfano wa West of Zanzibar, filamu iliyoongozwa na Harry Watt mwaka 1954. Inahusu kabila liitwalo humo Galana, ambalo nchi yake imechakaa kwa mmomonyoko wa udongo. Baadhi ya watu wanateremkia Mombasa, wanaingizwa katika ujangili, na pembe zinasafirishwa kwa majahazi. Bwana nyama wa Kizungu, aliyeigizwa na Anthony Steel, ndiye anayewanusuru. Dai la kisa hiki ni wazi: pwani ni mahali pa kuharibikia watu, mfanyabiashara wa jahazi ndiye mwovu, na hekima ni ya mtawala. Kwa mpangilio huo lawama inatua kwa mchukuzi, na mnunuzi hasumbuliwi. Hali historia yatufundisha kwamba sehemu kubwa ya pembe zilizopitia Zanzibar katika karne ya 19 iliishia Ulaya na Marekani, katika vibao vya piano na mipira ya biliadi.

Lakini mtazamaji wa Msambweni au Shimoni anayeijua bahari hataliona jahazi lile kama pambo. Ataangalia tanga lilivyofungwa kwenye foromali. Atakisia kama upepo ni kusi au kaskazi. Atapima mkono wa nahodha. Furaha yake haina usaliti ndani yake, maana hafurahii kudunishwa. Anafurahia kumtambua mtu wa kwao ambaye filamu yenyewe haikumpa jina.

Pamoja na hayo, kuna hatari. Mtu aweza kumwona kuku asiyaone maji yaliyotuama. Uzuri wa tanga waweza kumsahaulisha mtazamaji kwamba anaambiwa pwani yake ni pango la wezi. Ndiyo sababu kutazama peke yako hakutoshi. Penye wengi pana mengi: mmoja ataliona jahazi, wa pili atauliza pembe zilinunuliwa na nani, wa tatu atauliza kwa nini wenyeji wanasema machache. Mazungumzo baada ya filamu ndiyo mahali pa hukumu, na maadili ya kutazama yamo humo kuliko katika kuketi mbele ya picha. Anayeona uongo akanyamaza ndiye anayestahili lawama, sawa na anayelaani filamu nzima bila ya kuitazama.

Hitimisho

Huenda msomaji akaona kwamba mzozo huu ni wa kale na hauna madhara tena. Sivyo. Where No Vultures Fly, filamu ya Watt ya mwaka 1951 kuhusu kuanzishwa kwa hifadhi ya wanyama, ilimweka mwenyeji upande wa wale wanaopaswa kushawishiwa au kuzuiwa, na mgeni upande wa wanaolinda. Mtazamo huo haukufa na filamu. Shimba Hills ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na mkulima wa Kwale ambaye mahindi yake yameliwa na ndovu anajua maana ya kuhesabiwa kuwa mgeni katika nchi yake. Kwa upande mwingine, hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje ilianzishwa mwaka 1995 juu ya ardhi ya wakulima Wadigo na Waduruma, ambao ndio wabia wake. Mkulima aliye pia mlinzi ni mhusika ambaye filamu zile hazikuweza kumbuni.

Kwa hiyo twahitimisha kwamba kuzitazama filamu hizi ni halali, na kuzifurahia si dhambi, ila kwa sharti moja: mtazamaji ataje kwa sauti alichokiona na kilichofichwa, tena awe mwadilifu kwa waigizaji waliotafuta riziki humo na kwa watengenezaji waliopiga picha ambazo thamani yake hawakuijua. Mhakiki wa pwani anayeacha kuzitazama anaiachia filamu dai lake, na pamoja nalo anaupoteza ushuhuda ambao yeye, pengine kuliko mtu mwingine yeyote, ana elimu ya kuusoma.