Kadari, Amana na Miguu ya Mzee

Wanafikra wa Kiislamu wamejadiliana kwa karne nyingi juu ya mpaka ulioko baina ya kadari, yaani yale aliyokwisha kuyapanga Mungu, na amana, yaani yale aliyomkabidhi binadamu ayatunze na aje kuulizwa habari zake; na mpaka huo hugusa maisha ya kila nyumba pale mzazi anapoanza kukokota miguu. Surat Rum, katika aya ya 54, inataja udhaifu wa utoto, kisha nguvu, kisha udhaifu mwingine unaofuatana na mvi, na ni rahisi kuisoma aya hiyo kama hukumu iliyokwisha kupitishwa, ambayo mja hana la kufanya mbele yake ila kusubiri.

Udhaifu huo wa pili una jina katika elimu ya tiba. Mwaka 1989 mtaalamu wa lishe wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliuita sarkopenia, neno aliloliunda kwa Kigiriki kwa maana ya upungufu wa nyama ya mwili, akikusudia kupukutika kwa misuli kadiri umri unavyosonga. Nyuzi za misuli zinazodhoofika zaidi ni zile zinazokaza kwa haraka, ambazo mtu huzihitaji anapoinuka kitini au anapojikwaa na kutaka kujizuia asianguke, na ndiyo sababu kasi ya kutembea hufichua mengi. Mzee huambiwa atembee mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida. Akitumia sekunde 5 au zaidi, ilhali misuli yake imekwisha kuonekana kuwa haba na dhaifu, wataalamu wa Ulaya huhesabu kwamba hali imekuwa nzito. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya habari za watu 34,485 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ulionyesha kwamba waliotembea kwa kasi zaidi walielekea kuishi miaka mingi zaidi.

Kwamba mwendo ni ushahidi wa nguvu, Waislamu wa mwanzo walilijua vizuri. Katika mwaka wa 7 wa Hijra, Waislamu walipofika Makka kwa umra na Makureshi wakasema kwamba homa ya Yathrib, yaani Madina, imewadhoofisha wageni wao, Mtume Muhammad aliwaamuru masahaba waizunguke Kaaba mizunguko 3 ya kwanza kwa ramal, yaani mwendo wa haraka wa hatua fupi fupi, ili waliokuwa wakitazama waone. Sunna hiyo ingalipo hadi leo, wala mafakihi hawamdai asiyeiweza.

Lakini ni nani asiyeweza? Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya mazoezi waliyowapa wazee 10 wa nyumba ya wazee huko Boston, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, ambao kwa wiki 8 walinyanyua uzito kwa miguu, tena uzito wa kweli wa kuwatoa jasho. Nguvu za mapaja ya waliomaliza ziliongezeka kupita maradufu, na wawili wakaacha mikongojo. Basi udhaifu wa uzee si kitu kimoja: uko unaoletwa na miaka, na uko unaoletwa na kukaa, na huu wa pili si haki kumsingizia Mungu.

Fikihi ya sala inaonekana kulielewa jambo hili kuliko desturi za nyumbani. Imran bin Husain, aliyekuwa mgonjwa, aliambiwa na Mtume asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Ruhusa ikafungwa kwenye uwezo, haikufungwa kwenye umri, na mafakihi wakaijengea kanuni kwamba kinachowezekana hakiondoki kwa sababu ya kilichoshindikana. Sala za faradhi za siku moja zina rakaa 17, na ndani yake mwenye kusali huinuka kutoka chini hadi kusimama mara 12. Kiganja kinakandamiza mkeka, goti moja linatangulia, paja linatetemeka, kisha mgongo unanyooka na mikono inarudi kifuani. Kiti cha plastiki ni rehema kwa mwenye udhuru. Kikiletwa kabla ya udhuru, kinamnyima mzee miinuko yote 12.

Na mara nyingi hukileta wanaompenda. “Kaa tu, babu, usijisumbue,” husema mjukuu huku akimpokonya ndoo au kikapu, na kila mtu huliona hilo kuwa adabu njema, ilhali siku 10 tu za kulala kitandani hutosha kupunguza nyama ya miguu ya mzee aliyekuwa mzima. Heshima ya namna hiyo inastahili kuhojiwa, kwa upole lakini bila kusita, kwa kuwa inamtoa mtu katika amana yake kabla Mwenyewe hajamtoa. Kumwacha babu abebe kikapu chepesi, mjukuu akitembea kando yake kwa mwendo wa babu, ni adabu pia.

Wala haifuati kwamba mwenye hatua nzito amepungukiwa mbele ya Mola wake. Mtume mwenyewe, kwa riwaya ya Bibi Aisha, alipokuwa mtu mzima sana alisali sala za usiku akisoma kwa kukaa, na zilipobaki aya 30 au 40 alisimama, akazisoma hizo kwa kusimama, kisha akarukuu.