Buibui la Shangazi na Ushahidi wa Kamera

Shangazi aliishika ile picha kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. Akaisogeza dirishani, akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "hili buibui nimelinunua mwenyewe Biashara Street, nikalilipia jeusi. Wewe umenivisha zambarau."

Alisema kweli. Picha ile niliipiga harusini, hapa Mombasa, ukumbini, chini ya taa kali za halojeni za yule kijana wa video. Leso zilitoka sawasawa. Asumini ilitoka nyeupe. Lakini mabuibui ya polista yaligeuka: moja zambarau, jingine damu ya mzee, mengine yakabaki meusi vilevile. Ukumbini yote yalikuwa meusi, na mashahidi wapo.

Nimepiga picha miaka 29, na jibu lililonijia kwanza ni lile la mafundi wote: kamera imekosea. Kilikuwa kikamera kidogo cha mtumba, nikakisukumia lawama. Usiku, nilipolitafakari jambo lile, nikaona nimekisingizia. Kamera iliona kitu kilichokuwapo.

Kihisi cha picha ni silikoni, na silikoni peke yake haijui rangi. Inajua tu kama mwanga umeingia mwingi au kidogo. Ili ijue rangi, juu ya kila pikseli huwekwa kichujio: chekundu, cha kijani au cha buluu. Mpango unaotumika katika kamera nyingi mpaka leo ni wa Bryce Bayer wa Kodak, aliyepewa hataza mwaka 1976: katika kila pikseli 4, mbili za kijani, moja nyekundu, moja ya buluu. Kwenye simu ya mkononi, pikseli moja ina upana wa mikromita 1 hivi, na juu yake kimekaa kichujio chake.

Hapo ndipo penye ajabu. Kichujio chekundu hakiongezi wekundu hata chembe. Kazi yake ni kuzuia visivyo vyekundu. Kihisi kisicho na vichujio hupokea mwanga mwingi zaidi, lakini hakitambui rangi hata moja. Ujuzi wa rangi umekuja kwa kunyimwa.

Na kuna mwanga mwingine wa kunyimwa. Jicho letu huishia karibu na nanomita 700, pale wekundu unapofifia. Silikoni huendelea kuona hadi kama 1,100, ndani kabisa ya infraredi, na vile vichujio vya rangi tatu haviuzuii vizuri mwanga huo. Rangi nyingi zinazotiwa polista kuifanya nyeusi hunyonya kila mwanga tunaouona, lakini infraredi huirudisha. Kwa hiyo mbele ya kihisi huwekwa kichujio kingine cha kuukata mwanga huo. Kamera kubwa ina nafasi. Katika kamera nyembamba lenzi imekaa karibu mno na kihisi, miale ya pembeni inaingia kimshazari, na kichujio cha tabaka zinazorudisha mwanga hubadili tabia kadiri mwale unavyolala. Pembe za picha zikawa na rangi moja, katikati nyingine. Wengine hutumia kioo cha kibuluu kinachoimeza infraredi, nacho hakijali mwale umekuja kwa upande gani, ila chataka unene. Hata Leica, wenye jina kubwa, yaliwafika mwaka 2006 kwa kamera yao ya M8: kichujio kilikuwa chembamba, nguo nyeusi zikatoka na wekundu wa zambarau, wakawapa wateja vichujio vya kufunga kwenye lenzi.

Kwa shangazi sikwenda na maelezo hayo yote. Nilimwomba radhi, nikachukua rimoti ya televisheni yake, nikaielekeza kwenye kile kikamera, nikabonyeza. Kwa macho, hakuna kitu. Kwenye kioo cha kamera, ncha ya rimoti ikawaka kitaa cheupe chenye uzambarau. Akaninyang'anya rimoti, akabonyeza mwenyewe mara nne.

"Basi kamera imeona, mimi sikuona. Buibui langu lina jambo nisilolijua."

"Ndiyo, shangazi."

"Sasa mbona waniomba radhi?"

Sikuwa na jibu, na swali hilo nimekuwa nalo tangu siku ile. Ikiwa kweli ni kuona kila kilichopo, basi kamera yangu ilikuwa mkweli kuliko harusi nzima, na fundi anayeirekebisha anaitia upofu ili ituridhishe. Kwa nini basi tuuite upofu huo usahihi?

Naanzia kwenye lugha. Sura ya Ar-Rum huzihesabu tofauti za ndimi zetu na rangi zetu pamoja, miongoni mwa ishara za Mungu, na mimi naona rangi na ulimi ni ndugu hata katika Kiswahili. Tuna -eupe, -eusi na -ekundu. Baada ya hapo karibu kila rangi tunaitaja kwa kukuonyesha kitu: kijani ni jani, manjano ni bizari, kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu. Anayesema "kijani" anakuambia tazama jani nami nitatazama, tutakuwa tumeelewana. Sasa jani lenyewe hurudisha infraredi kwa wingi kuliko huo ukijani wake. Laiti macho yetu yangefika huko, wazee wasingeliita hivyo. Neno limesimama juu ya mpaka wa jicho, na mpaka huo tumegawiwa sote.

Kwa hiyo buibui la shangazi ni jeusi kweli, kweli ya wale wanaolitazama. Picha ya harusi imeitwa kutoa ushahidi mbele ya watu hao. Jirani akisikia maneno kupitia ukuta, akayatoa barazani, huenda hakuongeza hata herufi. Bado tutasema hana sitara, kwani si kila kinachofika sikioni ni cha kupelekwa barazani. Kichujio ni sitara ya kamera.

Lakini neno "sisi" lina hatari yake, na kazi hii imenifunza kuliogopa. Kwa miaka mingi maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, ile iliyozoeleka kwa jina la Shirley. Uso wake ukitoka vizuri, mashine imesahihishwa. Nyuso kama zetu zikatoka giza lenye macho na meno. Yalikuwa makubaliano pia, ila sisi hatukuitwa kikaoni. Basi usahihi wa rangi hauishi kwenye kioo. Lazima uulize ni macho ya nani na nyuso za nani zilizowekwa mezani siku ya kupima.

Na hata wote wakiitwa, hatufiki mwisho. Robert Luther, profesa wa upigaji picha huko Dresden, alieleza mwaka 1927 sharti lenyewe: hisia tatu za kifaa ziwe mchanganyiko kamili wa hisia tatu za jicho. Kamera hukaribia sharti hilo, hazilitimizi. Ndiyo maana vitambaa viwili vinavyolingana machoni vyaweza kuachana pichani, na siku hizi wahandisi huongeza vihisi vya njia nane au kumi, ili kamera ijue kwanza ni taa gani inayowaka. Fundi cherehani hana kihisi hicho. Hutoka na kitambaa nje, akakitazama juani.

Nami nilimtoa shangazi nje. Kichujio kikiwa kimefungwa kwenye lenzi, nikampiga picha barazani kwake asubuhi, buibui lilelile. Nilipompelekea aliishika kwa mkono mzima safari hii, akaikagua kutoka ushungi hadi pindo.

"Rangi umeipatia," akasema. "Lakini huu unene, mwanangu, umeutoa wapi?"

Kwa hilo sikuwa na kichujio.