Hema la Saad



Ndugu zangu katika imani, mwaka wa 5 wa Hijra, katika Vita vya Handaki, Saad bin Muadh, kiongozi wa kabila la Aus, alipigwa mshale ukamkata mshipa wa mkono. Mtume (S.A.W.) akaamuru hema lipigwe ndani ya msikiti, Saad alazwe humo. Sababu iliyopokewa kwetu ni kwamba alitaka kumzuru kwa ukaribu. Na msikiti wa Madina siku zile ulikuwa ndio baraza, ndio madrasa, ndio mahali pa kupokelea wageni. Katikati ya hayo yote ndipo alipolazwa mtu aliyekuwa akivuja damu. Adhana aliisikia. Sauti za watu wakisalimiana alizisikia.

Nimekuwa nikilitafakari hema lile tangu baridi ya mwezi wa saba ituingie hapa Nunguni, kwa sababu katika vilima hivi vya Kilungu sisi hufanya kinyume chake. Mtu akishaambiwa ana saratani, anatolewa sebuleni anapelekwa chumba cha nyuma. Pazia linateremshwa. Watoto wanakemewa wasicheze karibu. Simu yake anashika mwingine. Hata jina la maradhi halitajwi, utasikia "ule ugonjwa", na nyuma ya jiko wapo wanaonong'ona habari za uoi, yaani uchawi. Ndugu zangu, saratani haiambukizi kwa kushikana mkono wala kwa kula sahani moja. Mama anayepigwa mionzi ya mashine hospitalini harudi na mionzi hiyo mwilini, kwa hiyo mjukuu wake na aje apakatwe.

Sisemi kwamba watu wetu hawana huruma. Sisi ni watu wa mwethya. Babu zetu walichimba matuta ya milima hii kwa mikono, shamba la huyu leo, la yule kesho. Likitangazwa la harambee, pesa zinatumwa kwa simu kabla jua halijazama, Mwislamu kwa Mkristo. Ila tukishatuma, tunahisi deni limekwisha. Naye mgonjwa ana miezi mingi mbele yake, na pesa ya nauli haiwezi kumsimulia nani kaoa na ng'ombe wa nani kazaa.

Tazameni safari yake. Anatoka hapa gizani kwenda Wote au Machakos, au anateremka hadi Salama apande gari la Barabara ya Mombasa kuelekea Nairobi. Dawa ya kemo mara nyingi hutiwa mara moja kila wiki tatu, halafu anarudi nyumbani kulala. Mionzi ni jambo jingine: Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa mfululizo. Akiwa juu ya mashine ni dakika chache tu, lakini hawezi kwenda na kurudi Nunguni kila siku, hivyo anahamia kwa jamaa mjini, chumba kimoja, watu wote wameenda kazini, anabaki na kuta. Huyo ndiye anayehitaji simu ya saa nane mchana, na si lazima iwe ya "umeamkaje". Mwulize mbegu alizoacha zipandwe wapi. Mwambie mwanawe kapata alama ngapi.

Hapa nina la kukiri mbele yenu. Kwa upande wa mama mimi ni mtu wa Kilungu, na wengi wa jamaa zangu ni Wakristo. Dada mmoja wa mama yangu alipougua nilikwenda kumwona. Niliketi karibu na kitanda chake, nikaanza kumwuliza mwanawe: anakula? analala? daktari amesema nini? Nikauliza, nikajibiwa, nikatoa na ushauri, na yeye amelala katikati yetu akitutazama. Mwisho akasema, "Mwanangu, mimi bado nipo." Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikidhani naenda kutekeleza moja ya haki za mgonjwa, kumbe nilimfanya kama fanicha. Nikageuza kiti nikamwomba radhi, nikamwuliza kama hana la kunishauri kuhusu shamba la mpakani lenye ugomvi. Alikuwa nalo. Aliongea karibu nusu saa, akachoka, akalala, na mwanawe akaniambia nje kwamba wiki mbili hakumsikia akisema maneno mengi hivyo.

Basi kuzuru kuna adabu yake, na dawa hizi zimeongeza adabu nyingine. Baada ya kemo, chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi hupungua, na kwa dawa nyingi idadi yake huwa chini zaidi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Katika siku hizo mafua yako madogo yanaweza kumlaza hospitali. Kwa hiyo piga simu kwanza. Kama unakohoa, au una mtoto mwenye tetekuwanga, baki nyumbani umwombee, na hilo lina ujira wake inshallah. Ukifika, nawa mikono kwa sabuni. Msiingie kumi kwa pamoja. Na nyinyi wa nyumbani, muwe na kipimajoto: joto likifika nyuzi 38 msingoje asubuhi, msitafute kwanza mafuta ya kuchua, mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Kuhusu chakula, akina mama, msivunjike moyo akikataa muthokoi aliokuwa akiupenda. Dawa hubadilisha ladha, hutoa vidonda mdomoni, na harufu ya kitunguu peke yake inaweza kumtapisha. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiwapikia wagonjwa na wafiwa uji mwororo wa shayiri, akipokea kwa Mtume (S.A.W.) kwamba unatuliza moyo. Sisi tuna uji wetu, tuna parachichi. Kidogo kidogo, mara nyingi. Na asile peke yake. Hata Ramadhani, Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, lakini sijaona mahali ruhusa hiyo inaposema mama ajifiche jikoni kula kama mwizi, kisha saa ya kufuturu asiitwe mkekani kwa kuwa "yeye alishakula". Mwiteni akae. Yeye ndiye agawe tende.

Sasa wanaume. Neno hili ni zito, na ninalisema kwa sababu nimeliona. Saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazowapata zaidi wanawake wa Kenya, na wapo waume ambao mke akikatwa titi au nywele zikinyonyoka, kitanda kinahamishwa, safari za kikazi zinaongezeka. Kumbukeni mwaka wa 2 wa Hijra, jeshi linatoka kwenda Vita vya Badri. Uthman bin Affan hakwenda. Mkewe Ruqayya, binti wa Mtume, alikuwa mgonjwa, na Mtume (S.A.W.) alimwamuru abaki amuuguze, akamwahidi ujira na fungu la mtu aliyehudhuria Badri. Fungu la ngawira pia alipewa. Mume aliyekuwa akibadilisha maji kando ya kitanda cha mkewe alihesabiwa pamoja na waliokuwa na panga mikononi. Ruqayya hakupona, Mungu amridhie. Bado fungu halikurudishwa.

Wapo watakaoniuliza kuhusu jamaa na majirani wasio wa dini yetu, maana hapa Nunguni sisi ni wachache, na wanawake wa kanisani wakisikia mtu anaumwa hufika kabla yetu. Wapokeeni, wapeni chai. Asmaa binti Abu Bakar alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akauliza kama aunge naye udugu, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aunge. Yeye mwenyewe alikwenda kumzuru kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia, akaketi karibu na kichwa chake. Mgonjwa wa Kikristo katika ukoo wako ana haki kwako, usingoje mazishi ndipo uonekane na suti.

Nawe ndugu unayetibiwa, neno langu kwako ni dogo, kwa sababu mzigo unaoubeba siujui uzito wake. Usijifiche. Aibu si yako. Siku unayoweza, toka ukae juani, pokea salamu barabarani. Ukichoka, sema umechoka, ukitaka wageni waondoke, sema, nasi tusikasirike. Swali kama unavyoweza: Imran bin Husayn alikuwa na bawasiri, akaambiwa aswali wima, akishindwa aketi, akishindwa alale ubavu. Na Nabii Ayubu (A.S.), tunamsifu kwa subira yake, lakini Mola anapoeleza katika Suratul Anbiyaa jinsi alivyomwitikia, anataja kuondolewa madhara na hapo hapo anataja kurudishiwa watu wake, na mfano wao pamoja nao. Mwili na jamaa, katika aya moja.

Baada ya swala ya leo tunatoka watu wanne kwenda kwa mzee wetu aliyeshindwa kuja Ijumaa ya tatu sasa. Tumeshampigia. Wiki yake ya hatari imepita, na amesema tuje, ila tusikae sana, na tusije na nyuso za matanga. Ametaka pia daftari la hesabu za msikiti tumpelekee. Alikuwa mweka hazina kabla hajaugua, na sisi kwa kumhurumia tulimpa kazi hiyo mtu mwingine bila kumwuliza. Daftari ninalo hapa mkononi.