Mguu Ndio Kadhi wa Kiatu

Kuna kicheko nilichokisikia Jumapili iliyopita alfajiri, katika kundi la wakimbiaji wanaokutana ufukweni Oysterbay kabla jua halijapanda na magari hayajajaa barabarani, ambacho juma zima kimekataa kunitoka moyoni. Kijana mmoja mgeni, mwenye adabu na haya, alikuja kujiunga nasi naye amevaa raba alizozinunua mtumbani Karume, zilizofuliwa zikatakata na kutiwa kamba mpya, bwana mmoja miongoni mwetu, ambaye raba zake zilivuka bahari na bei yake huitaja bila ya kuulizwa, akamtazama kuanzia chini hadi juu kisha akamwambia, “Dogo, kwa raba hizo mashindano ya Moshi utayamaliza kweli, au tutakubeba?” Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, kama wachekavyo wanyonge ili aibu ipite upesi, akarudi nyuma ya kundi na asubuhi ile yote akakaa huko huko.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba ule ulikuwa utani tu, na kwamba bwana yule, hata kama ulimi wake ni mkali, alisema kweli, kwa maana elimu imekwisha toa ithibati kuwa kiatu kina nguvu zake. Hoja hiyo siipuuzi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, huko Marekani, walikipima kiatu cha Nike chenye sponji nyepesi na bamba la kaboni ndani ya soli, wakaona kwamba mkimbiaji aliyekivaa alitumia nguvu pungufu kwa wastani wa asilimia 4. Eliud Kipchoge naye alikuwa amevaa kiatu cha ukoo huo huo alipoyakimbia masafa ya marathoni mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Na haukupita muda, mwanzoni mwa mwaka 2020, wakuu wa riadha duniani wakaona hapana budi kuweka sheria, kwamba soli isizidi unene wa milimita 40 wala isiwe na bamba zaidi ya moja. Kitu kisicho na athari hakitungiwi sheria. Walakini wale waliopimwa Colorado walikuwa watu wawezao kuzimaliza kilomita 10 kwa muda usiofika dakika 31, ilhali sisi wa Oysterbay, tukijitahidi sana na upepo ukiwa nyuma yetu, aghalabu huzimaliza kwa saa nzima.

Fauka ya hayo, kiatu cha mashindano kilishonwa kwa siku ya mashindano. Mwaka 2023 Adidas walitoa kiatu chenye uzito wa gramu 138, bei yake dola 500, na wenyewe waliokitengeneza wakatamka wazi kwamba kimekusudiwa marathoni moja, pamoja na muda kidogo wa kukizoea. Tigst Assefa wa Ethiopia alikivaa Berlin mwezi Septemba mwaka ule, akakimbia kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 53, muda ambao hakuna mwanamke aliyekuwa ameufikia kabla yake. Kwa mtu kama huyo, ambaye kila sekunde ni riziki, gharama ile ina maana. Lakini mtu anayekivaa kiatu cha jinsi hiyo kila asubuhi, kwa mwendo wa kuzungumza na jirani, huimaliza mali yake barabarani, na sponji ile ndefu na laini huenda ikamyumbisha kifundo cha mguu, kwa sababu mwendo iliotengenezewa si huo.

Hapa huzuka mpinzani wa pili, mpenda mambo ya kale, akanena kwamba basi viatu vyote ni ubatili, kwani Abebe Bikila aliishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 kwa miguu mitupu. Laiti angekifuata kisa hicho hadi mwisho wake! Bikila alikuwa amezoea kufanya mazoezi peku, na viatu alivyovipata huko Roma havikumkaa vema, basi akaviacha na kushinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Miaka minne baadaye, mjini Tokyo, alivaa viatu na soksi, akashinda tena kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, naye alikuwa amepasuliwa kidole tumbo majuma machache tu kabla ya siku ile. Mtu ni yule yule, na mara zote mbili aliyekata shauri alikuwa mguu.

Hata wajuzi wa madukani, wanaoutazama wayo wako na papo hapo kukuamulia kiatu kikufaacho, hukumu yao haina uzito waudhaniao. Jeshi la Marekani liliwahi kuwagawia makuruta viatu kwa kufuata umbo la wayo, na wenzao wakapewa viatu vya namna moja bila kujali wayo, na walipohesabiwa walioumia haikuonekana tofauti ya maana.

Kwa hiyo mwenye kutaka viatu na aende kununua jioni, mguu ukiwa umekwisha vimba kwa shughuli za kutwa, akiwa na soksi atakazokimbilia. Aache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kwa maana mguu hutanuka kadiri masafa yanavyozidi, na abanwaye hung'oka kucha. Na akihisi panapomgusa asikubali kuambiwa kwamba vitalegea. Anunuaye mtumba, kama wengi wetu tununuavyo, asidanganywe na weupe: akiweke kiatu mezani, atazame kwa nyuma kama kisigino kimelala upande, kisha aibonyeze sponji kwa kidole, kwani ikiwa ngumu na yenye mikunjo mingi imekwisha kufa, na sabuni haiifufui. Wala asiende na kiatu kigeni kwenye mashindano. Malengelenge na yatokee mazoezini Kimara, yasitokee mashindanoni Moshi.

Simkatazi mwenye nacho kukinunua kiatu cha dola 500, maana mali ni yake na miguu ni yake. Ninalolikataa, na sitalibadili hata nikiitwa mshamba, ni kuifanya bei kuwa daraja la heshima baina ya watu wanaoitumia barabara moja, tukawafukuza kwa dhihaka wale ambao riadha inawahitaji zaidi kuliko inavyotuhitaji sisi. Mkimbiaji mgeni akija, swali la haki la kumwuliza ni kama viatu vyake vinambana. Na akijibu kwamba havimbani, kesi imekwisha.