Anayeuguza naye apewe zamu

Mwezi ule nyumba yetu ya Tabata iligeuka wodi. Mama alikuwa ametoka hospitali baada ya kupata kiharusi, upande wake wa kulia umelegea. Hatujakaa sawa, mwanangu wa pili naye akashikwa na malaria, baba yake yuko kikazi Mwanza. Kila aliyepiga hodi alikuja na pole na mfuko wa machungwa.

Mimi ni mkimbiaji, wa wale wanaojaza barabara Jumamosi alfajiri na kupigiwa honi na daladala. Nilikuwa najiandaa kwa kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi. Hizo nilizifuta bila majonzi. Mashindano yapo kila mwaka, mama ni mmoja. Ila kukimbia kwenyewe sikuacha, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Mama yako yuko kitandani hajiwezi, wewe unaruka-ruka barabarani? Watu watatuonaje?" Shangazi alinikuta mlangoni nafunga kamba za raba. Nikamwamkia, nikampokea mkoba, nikamkaribisha kiti. Mkubwa hajibiwi mlangoni. Nimjibu hapa.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Asipogeuzwa, uzito wake mwenyewe hubana damu isipite vizuri kwenye nyonga, visigino na chini ya mgongo. Ngozi hubadilika rangi, huchubuka, na kidonda cha kulalia kikishashika, kukiponya ni kazi ya wiki nyingi. Basi unamgeuza. Unamkunja goti la upande wa mbali, mkono wako mmoja begani, mwingine kwenye nyonga, unamvuta taratibu aje upande wako. Mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti. Unabadilisha pempasi, unamlisha uji kidogo kidogo ukiwa umemkalisha wima asipaliwe, unampa dawa ya presha. Ukimaliza kuanika shuka, saa mbili nyingine zimetimia.

Mbio zangu zilikaa hapo, kati ya kumgeuza na kumgeuza tena. Alfajiri binamu yangu akikubali kukaa na mama, nilikimbia hadi Barabara ya Mandela na kurudi, simu mkononi, dakika ishirini hivi. Kuna siku simu iliita kabla sijafika barabara kubwa, nikageuza palepale.

Wakimbiaji wenzangu huamini kwamba ukipunguza mazoezi unarudi sifuri. Si kweli. Miaka ya 1980, mtafiti wa Marekani Robert Hickson aliwafanyisha watu mazoezi makali dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kisha akawapunguzia. Katika jaribio moja alipunguza siku, katika jingine akapunguza dakika, wengine wakabakiwa na 13 tu. Kwa wiki 15 uwezo wa miili yao kutumia oksijeni haukushuka, mradi tu walipofanya mazoezi walifanya kwa nguvu ileile. Walioporomoka, katika jaribio jingine tena, ni waliolegeza kasi. Kwa hiyo dakika zangu chache niliziendea mbio kwelikweli.

Lakini nisijifiche nyuma ya sayansi. Nilikimbia kwa sababu barabarani hakuna anayeniita. Mama mwenyewe alilijua hilo kabla ya wote. Maneno yake yalikuwa bado hayajanyooka, na nilipokuwa nazunguka chumbani nikipanga vilivyokwisha kupangwa, alinyoosha mkono ule mzima kuelekea raba zangu. Nenda huko, unanichosha.

Na kuna jambo lililonikera zaidi ya maneno ya shangazi. Kaka yangu, mtoto wa mama huyohuyo, hakukosa mechi hata moja kwenye banda la mpira mwezi mzima. Hakuna aliyemuuliza watu watatuonaje. Kuuguza tumekugawa kwa jinsia: mwanamume hutoa nauli na fedha ya dawa akahesabiwa amemaliza, binti hutoa mgongo wake na bado huulizwa alikwenda wapi asubuhi. Nauli inahitajika, sibishi. Ila nauli haimgeuzi mtu saa tisa ya usiku.

Tulipokaa kikao cha familia niliomba jambo moja: zamu zipangwe kwa majina, na jina la kaka liwemo. Alinung'unika, akafundishwa kuweka mito, sasa anaijua kazi kuliko binamu yangu.

Machungwa tunashukuru, tuliyala. Lakini wiki hii ukienda kumjulia hali mgonjwa, muulize anayemuuguza angependa kutoka saa ngapi. Akishakujibu, vua viatu, kaa, mwache aende.