Je, Yafaa Kumfichua Aliyejificha?

Siku hizi vijana wetu hucheza kwa simu na watu wasioonana nao uso kwa uso. Kijana wa Lushoto, Soni au Mlalo aweza kushindana kila jioni na mtu aliyejipa jina la kupanga, asijue kama ni jirani yake au mgeni wa mbali. Punde huanza mchezo wa pili, yaani kumtafuta ni nani. Umeme ukikatika Soni, naye hutoweka. Jumapili asubuhi hachezi. Maneno yake yana ladha ya Kisambaa. Basi vijana hujumlisha na kutangaza: "Tumemjua! Ni mwalimu fulani." Twauliza, je, wametenda vema?

Akili ya kupambanua mambo ni kipaji cha Mungu, wala kuwaza si dhambi. Lakini dalili si ushahidi. Umeme wa Soni huzimika katika nyumba nyingi, na waendao kanisani Jumapili si mmoja.

Wasambaa wasimulia habari za Mbegha. Kwao Ngulu aliota meno ya juu kwanza, ndugu zake wakamhesabu kuwa kigego, wakamnyima urithi. Dalili moja ya kinywani iliwatosha kuuhukumu moyo wake. Watu wa Usambara walimpima kwa matendo: aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia nyama, akaua simba, nao wakamtawaza Vuga. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye afundisha kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema.

Na ikiwa tumekisia sawasawa? Kuijua kweli si ruhusa ya kuitangaza. Huenda mwalimu yule ajificha ili vijana wacheze naye bila woga. Huenda ni mgonjwa atafutaye saa moja ya kusahau maumivu yake. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yakataza kuharibu sifa njema ya mtu pasipo haki, na kuingilia faragha yake.

Mtu atasema: Je, tapeli na mharibifu wa watoto nao wafichwe? La, hasha! Lakini huyo apelekwe kwa mzazi, kwa mwalimu au kwa polisi, si kwa umati. Hata huko mambo si mepesi. Desemba 2016 Bwana Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi majina ya waandishi waliojificha. Mwaka 2020 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi. Ikiwa siri ya jina yaweza kubishaniwa mahakamani kwa miaka, sisi twapata wapi ujasiri wa kuitoa kwa dakika moja?

Wazazi, wafundisheni watoto wenu kujiuliza kabla ya kusema: Nina hakika? Nina haki? Nani ataumia? Asiyeweza kujibu na anyamaze. Baba yetu aonaye sirini amjua kila mtu kwa jina lake, wala hamwaibishi.