Taa ya Sebuleni na Waya wa Moto

Bwana Yezu alipowafundisha watu mlimani alitaja taa, akataja na mahali pake: si chini ya chombo cha kupimia nafaka, bali juu, ili wote waliomo nyumbani waangaziwe. Mtakatifu Matayo ameyaandika hayo katika sura ya 5, aya ya 15, na wakristu wengi wayajua kwa moyo. Lakini ni wachache wanaoendelea kusoma mpaka aya ya 23, ambapo Yezu huyohuyo, katika fundisho lilelile, anamrudisha mtu aliyekwisha kufika altareni na sadaka yake, apatane kwanza na ndugu aliyekosana naye. Toka taa hata altare hazitimii aya kumi. Baba mmoja wa Likasi alijifunza yote mawili siku moja, juu ya ngazi.

Baba huyo alikuwa amenunua taa nzuri ya kutundika darini, ya chuma, yenye balbu tatu, kwa sababu mwanawe alikuwa karibu kupokea Komunyo ya kwanza na wageni wangekuja. Mdogo wake, wa tumbo moja, ni fundi wa umeme, naye anakaa mtaa wa pili tu. Lakini tangu matanga ya baba yao, miaka miwili ilikuwa imepita, ndugu hao hawakusemezana, kwa ajili ya kiwanja alichokiacha marehemu. Kila Dominika walikuja Misa, mkubwa akakaa mabenchi ya kuume, mdogo ya kushoto. Mkewe alipomwambia, «Baba, mwite shemeji aitundike,» alijibu, «Ya nini? Nimekwisha kumsamehe, sina neno naye. Ila sisemi naye.»

Akapanda mwenyewe. Alibonyeza swichi ya ukutani, balbu ya zamani ikazimika, naye akaona imetosha. Ngazi ilikuwa ya chuma. Sakafu ya sementi ilikuwa imeoshwa asubuhi, haijakauka. Na miguuni hakuvaa kitu. Mkono ulipogusa ncha ya waya, umeme ulimpiga ukamwangusha chini. Mungu alimrehemu: bega liliteguka, roho ikabaki. Wengi waliopigwa na volti 220 namna hiyo hawakuamka. Ilisemwa baadaye kwamba alikuwa amefanya ishara ya msalaba kabla ya kupanda. Ni vema, lakini ishara ya msalaba haikati umeme, na Yezu mwenyewe alikataa kujitupa kutoka juu ya Hekalu ili malaika wamdake.

Mke hakuuliza tena. Alimtuma mtoto mbio kwa baba yake mdogo.

Fundi alikuja na mfuko wake wa vyombo. Alimtazama kaka yake begani, akamfunga kitambaa, kisha akatazama juu. Swichi ilikuwa bado imezimwa; hata hivyo alipoinua bisibisi ya kupimia na kugusa waya, kitaa chake kidogo kikawaka. Akashuka, akaenda penye mita, akakata umeme wa nyumba nzima, akamweka mtoto alinde pale mtu asiurudishe. Ndipo aliponena, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza katika miaka miwili:

«Yaya, aliyefunga nyaya za nyumba hii aliiweka swichi katika waya wa kurudi. Ukibonyeza, taa inazimika, lakini waya wa moto unabaki na moto wake, unangoja mkono.»

Jambo hilo linahitaji kufahamika vizuri. Umeme huja kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Ukikata wowote kati ya hizo mbili, taa itazimika, na macho hayataona tofauti. Ukikata ule wa moto, hatari imekoma darini. Ukikata ule wa kurudi, mwanga tu umekoma.

Yule baba alinyamaza, maana alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe: «Sina neno naye, ila sisemi naye.» Miaka miwili hakutukana, hakupiga, hakushtaki. Nyumba yake ilikuwa na giza, naye akaliita amani. Wako wakristu wengi wa namna hii. Mama mmoja sokoni haamkii jirani wa meza ya pili. Waimbaji wawili wa kwaya moja hawapeani kitabu. Wakiulizwa husema hawana ugomvi. Basi atokee mtu alitaje jina la yule mwingine, hata kwa sifa, ndipo moto unapoonekana.

Hata katika kuungama huenda mtu akabonyeza swichi ya ukutani. Anamwambia padri, «Niligombana mara mbili,» akapokea kitubio, akatoka. Kutafuta dhambi amekutimiza, na kutaja ametaja; lakini je, amejuta, amekusudia kwenda kwa ndugu yake? Majuto na kusudi ndiyo safari ya kwenda penye mita. Umeme wa Katanga hutoka mbali: Mwadingusha kwenye mto Lufira tangu mwaka 1930, na baadaye Inga, kwa nyaya zinazovuka karibu kilometa 1,700 mpaka Kolwezi. Unapita misitu na mito, kisha unaharibikiwa katika shubiri moja ya waya uliofungwa vibaya nyumbani kwa mtu. Neema nayo haipungukiwi kitu huko itokako.

Na mtu asidhani kwamba kusamehe ni kuacha haki yake. Kanisa halimwambii yeyote atupe kiwanja cha baba yake. Wazee wa ukoo wako, mahakama iko. Mtu aweza kudai mpaka wake huku akimwita mwenzake kwa jina.

Kazi ilichukua saa mbili. Fundi alihamisha swichi kwenye waya wa moto. Akafunga waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, katika chuma cha taa. Kulabu akaitia katika boriti, si katika mbao nyembamba za dari zisizoweza uzito. Mkubwa, mkono mmoja kifuani, alimpa skrubu mojamoja. Mtoto akaurudisha umeme, na balbu tatu zikawaka pamoja.

Jumamosi iliyofuata walionekana wote wawili katika mstari wa kuungama, mbali kidogo mmoja na mwenziwe. Siku ya Komunyo walikaa benchi moja. Jioni, wageni wakiwa mezani, umeme ulikatika mji mzima, kama unavyokatika mara nyingi, na mama akawasha mshumaa wa ubatizo wa mtoto. Habari ya kiwanja haikutajwa usiku ule. Wataipeleka kwa wazee baada ya mavuno, nao wamekubaliana kwenda pamoja.